Wiki mbili za Krismasi mbwa abaki wapi: kliniki, kwa mtu binafsi au na kijana wa jirani?

Mchaga_wa_Kimara: Wakuu, Desemba familia nzima tunapanda Moshi, nyumba inabaki tupu. Nina mbwa. Nimepata njia tatu: kliniki moja ya mifugo Masaki, Sh 30,000 kwa usiku, jamaa mmoja Goba analaza mbwa kwake, Sh 12,000, na kijana wa jirani atakayekuwa anapita kumwekea chakula, huyo nitampoza na chochote. Ipi bora?

Jiko_la_Mkaa: Mbwa analala kwa 30,000? Mimi gesti Manzese nalipa 15,000 na neti imetoboka.

Dokta_Kwato: Mleta mada hujasema kitu. Mbwa wa aina gani, umri gani, dume au jike, chanjo zipo? Anayempokea mbwa bila kudai kadi ya chanjo, mkimbie. Na ya kichaa cha mbwa pekee haitoshi, iwepo na ile ya mchanganyiko yenye kinga ya parvo, kile kirusi cha kuharisha damu.

Mchaga_wa_Kimara: Jemani, miaka mitatu. Ya kichaa anayo, hiyo nyingine sina hakika.

Dokta_Kwato: Basi mchanje mapema, angalau wiki mbili kabla ya safari. Ukimchanja leo ukampeleka kesho umejidanganya.

Kamba_Mbili: Kliniki, mjadala umefungwa. Akiugua daktari yupo.

Dokta_Kwato: Na wagonjwa wapo pia. Parvo hukaa kwenye udongo miezi na miezi, sabuni ya kawaida haiiwezi. Uliza kama banda la wageni limetengwa na wodi, na wanaoshea nini. Wakisema Jik, sawa.

Mama_Simba: Ngoja nisimulie. Mwaka juzi wangu nilimpeleka kwa mtu binafsi, uwanja mkubwa, maneno matamu. Kila jioni natumiwa video WhatsApp, mbwa anakimbia, roho yangu kwatu. Siku ya sita dada ananipigia: Dar mvua tangu alfajiri, Jangwani hapapitiki. Jioni video ikaja, jua kali, nyasi kavu! Nikazirudia za nyuma, kumbe zote zilichukuliwa siku moja, mimi nakatiwa kipande kipande kama muwa. Narudi, mbwa sauti imekauka kwa kubweka, mbavu unazihesabu, kupe wamejazana masikioni. Baada ya muda fizi zikawa nyeupe, chakula hagusi. Homa ya kupe, akanywa doxycycline siku 28. Yule bwana simu haipatikani mpaka leo. Sasa hivi sitaki video za kutumiwa. Napiga mwenyewe, saa nisiyoaga.

Mzee_wa_Tegeta: Mnanishangaza. Jemani ni mlinzi. Ukimpeleka Goba, TV inalindwa na nani?

Kamba_Mbili: Mzee, mbwa peke yake wiki mbili? Wanamrushia nyama yenye sumu usiku wa kwanza.

Mzee_wa_Tegeta: Wangu hali cha mgeni.

Mama_Simba: Wote husema hivyo hadi siku ya nyama. Halafu mkesha wa mwaka mpya baruti zikianza, mbwa aliyeachwa peke yake anaruka ukuta.

Mzee_wa_Tegeta: Ukuta wangu una vyupa.

Mama_Simba: Ndiyo umkute ananing'inia?

Dokta_Kwato: Mleta mada, hujajibu. Dume au jike?

Mchaga_wa_Kimara: Jike. Kwani kuna tofauti?

Dokta_Kwato: Mara ya mwisho alikuwa kwenye joto, yaani kutaka dume, lini?

Mchaga_wa_Kimara: Kama Juni hivi.

Dokta_Kwato: Hesabu miezi sita, uniambie unaangukia wapi. Huyo wa Goba anawalaza pamoja au kila mmoja na banda lake?

Jiko_la_Mkaa: Mimi naweka oda ya kitoto kimoja, dume.

Mchaga_wa_Kimara: Duh. Jumamosi naenda Goba kuangalia mabanda kwa macho. Mama watoto anasema yaishe, tumbebe twende naye.

Kamba_Mbili: Kwa gari gani?

Mchaga_wa_Kimara: Probox. Tuko sita.

Mzee_wa_Tegeta: Probox ya mwaka gani? Unaiuza?