Kikanisa cha Wareno Malindi: je, kilijengwa na Mtakatifu Fransisko Ksaveri?

Mwanajumuiya wa Likoni

Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu hapa Likoni inakusudia kwenda hija Malindi mwezi Machi, kukizuru kile kikanisa kidogo cha Wareno kilichoezekwa makuti, chenye makaburi kando yake. Nimepewa jukumu la kuandaa historia fupi itakayosomwa kabla ya sala, lakini kila ninayemuuliza ana lake: huyu anasema Ksaveri alikijenga kwa mikono yake, yule anasema wafiadini wa Mombasa wamezikwa pale. Naomba kujua lililo kweli, na ni ibada gani inayofaa mahali hapo.

Katekista Mstaafu

Milele na milele, amina. Ndugu yangu, Ksaveri, yule mmisionari Mjesuiti, alikuwa mpita njia. Aliondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541 pamoja na gavana Martim Afonso de Sousa, akakaa miezi mingi Msumbiji akisubiri majira ya kusafiri, kisha mwanzoni mwa 1542 chombo chao kikatia nanga Malindi kabla ya kuendelea kisiwani Sokotra na hatimaye Goa, India, walikofika tarehe 6 Mei. Katika barua aliyoiandika Goa mwezi Septemba mwaka huohuo, anausimulia msalaba mkubwa wa mawe ambao Wareno walikuwa wamekwisha kuusimamisha karibu na mji, na jinsi walivyofarijika kuuona. Kujenga kanisa hakutaji. Analolitaja ni mazishi: mmoja wa wasafiri alifariki, wakamzika kwa sala za Kanisa, na Waislamu wa mji wakapendezwa na namna walivyomzika maiti wao. Hilo liandike bila wasiwasi.

Mkaazi wa Mji wa Kale

Mimi ni Mwislamu, lakini historia hii ni ya pwani nzima, kwa hiyo naomba niongeze neno. Barua hiyohiyo inaeleza kuwa mtu mmoja mwenye heshima wa Malindi alimlalamikia Ksaveri kwamba, kati ya misikiti 17 ya mji, ni mitatu tu iliyokuwa ikihudhuriwa, tena na watu wachache. (Malalamiko ya wazee kuhusu vijana hayakuanza leo.)

Ama wafiadini, msiwachanganye na Malindi. Hao ni Wakristo waliouawa Mombasa kwa ajili ya imani yao kuanzia Agosti 1631, wakati Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na watawa Waagustino huko Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, alipowaasi Wareno, akamuua kapteni wao Pedro Leitão de Gamboa na kuiteka ngome yao, Fort Jesus. Uhusiano na Malindi upo, ila ni wa nasaba: Yusuf alitoka katika ukoo wa masultani wa Malindi, ambao Wareno waliwaweka kutawala Mombasa baada ya kuanza kuijenga ngome mwaka 1593. Baina ya mazishi yale na maasi haya imepita miaka karibu 90.

Mama wa Rozari

Kwa kuwa mnakwenda Machi, ibada iko tayari. Novena ya Neema ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yaani sala ya siku tisa, husaliwa kuanzia tarehe 4 hadi 12 Machi, siku ya mwisho ikiwa kumbukumbu ya kutangazwa kwake kuwa mtakatifu mwaka 1622. Salini siku za mwanzo majumbani, mkaimalizie Malindi. Wafiadini wa Mombasa wawekeeni Agosti, kwa kuwa maasi yalianza sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria.

Katekista Mstaafu

Naunga mkono, na ningeongeza sala ya marehemu. Ikiwa jambo tunalojua kwa hakika kwamba Ksaveri alilifanya Malindi ni kumzika msafiri mwenzake, basi kuwaombea wafu waliolala pale, ambao wengi wao hatuwajui hata kwa majina, kunafaa kuliko hotuba ndefu. Zungumzeni mapema na paroko wa huko pamoja na Makumbusho ya Taifa, wanaolitunza jengo, na mishumaa iwashwe nje: makuti hayana mchezo na moto.