Naombeni ushauri: kumpeleka mama Bagamoyo Jumamosi kwenye baridi hii

Mchukuzi: Habari za jioni wakuu. Jumamosi nataka kumpeleka mama Bagamoyo, twende asubuhi turudi jioni. Ana miaka 61, kifua kinamsumbua na upepo wa kusi ndio huu. Stendi ya Makumbusho hapa Dar tupande gari saa ngapi? Avae nini? Siku ya tatu leo sijalala vizuri.

Mama Wawili: Sweta na mtandio wa kichwa, kwisha. Ni kama kilomita 70, mkitoka saa 12 mnakuta soko la samaki limechangamka. Mie mwaka jana nilinunua changu na pweza, ndoo nimeisahau nyumbani. Mfuko ulivuja mpaka Tegeta, abiria wananisonya. Beba ndoo yenye mfuniko.

Mzee wa Magofu: Msiishie sokoni. Kaole ni kilomita 5 tu kutoka mjini, kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 13. Na pale misheni ndipo mwili wa mmisionari Livingstone ulipolazwa 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka bara. Mimi nikifika pale huwa nasimama kimya.

Bint Pangani: Mkuu, Bagamoyo ndiyo ikukoseshe usingizi siku tatu? Kuna jambo hujalisema.

Mchukuzi: Hakuna jambo.

Bint Pangani: Lipo.

Mchukuzi: Sawa. Baba yuko kule, anavua dagaa kwa karabai. Aliondoka nikiwa darasa la pili, miaka 22 hawajaonana. Mama anajua tunakwenda kutembea tu. Mzee nimeshampigia, atatusubiri sokoni saa 3. Msiniambie nighairi, mtu ameshajiandaa. Na mama nikimwambia mapema hatatoka nyumbani.

Mama Wawili: Astaghfirullah. Mama mzima unamvuta kwenye suluhu kama mbuzi anayepelekwa mnadani?

Fundi Nyavu: Mwacheni. Baba yangu alirudi baada ya miaka 9 na begi moja. Mama akamtengea maji ya kuoga, hawakusemeshana mwezi mzima. Siku walipoanza kuongea ilikuwa ugomvi wa chumvi kwenye mchuzi. Tulifurahi sisi!

Kidumu: Wakuu, hii chai. Jumamosi ni mwezi mpevu. Nimevua dagaa misimu 6: kukiwa na mbalamwezi taa haivuti samaki, vyombo havitoki. Huyo mvuvi wa karabai sokoni anafuata nini? Halafu mleta mada kajiunga jana.

Mbezi Juu: Chai ya tangawizi. Leteni vitumbua.

Mama Wawili: Na mie nilishaanza kulia hapa.

Mchukuzi: Sikusema anatoka baharini. Jumamosi aliichagua yeye kwa sababu hiyo hiyo: vyombo vimelala, yuko nchi kavu anashona nyavu. Jina ni jipya kwa kuwa dada yangu yumo humu, la zamani analijua.

Kidumu: Samahani mkuu. Hapo nimekuelewa.

Bint Pangani: Mwambie mama leo. Akikataa, mzee ataelewa. Akimkuta pale ghafla mbele ya wachuuzi, wewe ndiye hatakusamehe.

Mzee wa Magofu: Naunga mkono. Kaole ipo, haikimbii.

Mchukuzi: (Ijumaa, saa 4 usiku) Nimemwambia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akatoa sweta mbili kabatini. Akaniuliza kama baba bado anakohoa kusi ikivuma.