Mtihani wa kusikiliza Kiholanzi: ni haki au ni mateso?

Tanga_Zwolle
Nimefeli luisteren, huo mtihani wa kusikiliza, mara ya pili. Tujadili bila matusi: hii ni haki kweli? Sisi wa sheria mpya ya wahamiaji hapa Uholanzi, ile iliyoanza Januari 2022, tunatakiwa tufike kiwango cha lugha cha B1 ndani ya miaka mitatu. Nimekuja kwa ndoa, darasa najilipia mwenyewe. Ghalani kwetu wamejaa Wapolandi. Wao ni wa Umoja wa Ulaya, hawaulizwi mtihani wowote. Mimi ndiye wa kuvalishwa hedifoni. Mtu akapewa miadi half drie, nikabonyeza tatu na nusu. Nimetoka nje ndiyo nakumbuka.

ShangaziAlmere
Pole mwanangu. Half drie bado nusu saa kufika saa tatu yao, yaani saa nane na nusu yetu. Mimi ni wa sheria ya zamani, A2, ngazi moja chini ya B1, na ilikuwa yuro 50 kila ukirudia. Dawa ni Jeugdjournaal, habari ya watoto ya NOS, shirika la utangazaji la huku, kila jioni, maandishi ya chini uyazime. Lakini vijana mkifika nyumbani ni tamthilia za Kituruki tu.

Tanga_Zwolle
Shikamoo shangazi. Tamthilia zimeingiaje hapa? Jioni hiyo ndiyo nafunga kamba za viatu niingie zamu ya usiku.

MpembaTilburg
Saa ni jambo dogo, kazi iko kwenye hesabu. 25 wao ni vijfentwintig, tano na ishirini. Sisi wa visiwani hatuhangaiki, bibi zetu walihesabu hamsa wa ishirini. Watu wa bara ndio wanasikia 25 wanaandika 52.

Msukuma_Eindhoven
Watu wa bara tumekukosea nini tena? Mimi wa Magu, nimepita B1 mara ya kwanza bila hiyo hamsa yako. Nenda leo soko la Chake Chake useme hamsa wa ishirini uone kama hutachekwa.

MpembaTilburg
Nichekwe kwetu? Nyie hata thenashara mnaijua kwa kuwa ipo kwenye kamusi.

BukavuGent
Batu ya Uholanzi muko na raha. Mimi nilijifunza na video za huko, nafika Gent, huku Ubelgiji, mama wa mkate ananiambia "ge", "gij", ni kusema "wewe". Nikazani anakohoa. Huku wanaomba A2 tu, lakini A2 ya kinywa cha nani?

Msukuma_Eindhoven
Kaka, anza na Kiswahili kwanza.

BukavuGent
Hiki ni Kiswahili cha Bukavu. Hatuombake ruhusa Dodoma.

ShangaziAlmere
Mnagombana na mtoto wa watu kafeli! Zwolle, ile mitihani ya mazoezi ya DUO, ofisi ya serikali inayosimamia mitihani hii, umeifanya? Ni bure.

Tanga_Zwolle
Nimeifanya mpaka majibu nayajua mtu hajafungua mdomo. Yule bwana wa kwa daktari, yule mama wa shuleni, wote nawajua kama majirani. Siku yenyewe wakaja watu wengine. Na suala la Wapolandi hamjanijibu.

Msukuma_Eindhoven
Wapolandi waache, ngoja kwanza Mpemba alete ushahidi.

MpembaTilburg
Nimempigia mama Chake sasa hivi. Anasema bibi alihesabu hivyo hivyo hadi anakufa. Msukuma, uko wapi?