Tupeane uzoefu: dokumentari za sayari, namna ya kuzifaidi ukiwa Tanga

Mleta uzi
Wakuu, wapenzi wa dokumentari za mfumo wa jua tukutane hapa. Weka kinachomsaidia mwenzako: faili, runinga, na cha kutazama nje ikiisha.

Naanza na picha. Anga ni nyeusi, na weusi ndio unaoharibika kwanza. Ukipakua ya 360p (ubora wa chini wa picha), Zohali ikitokea gizani utaona vijumba vya mraba vinatambaa pembeni mwa pete. Faili limebanwa mno, na kinachotupwa mwanzo ni tofauti ndogondogo za giza. Chukua 720p, kama GB 1 kwa saa. Runinga iweke hali ya filamu, zima taa. Usipandishe mwangaza eti nyota zionekane: weusi unageuka kijivu, nyota hafifu zinamezwa humo.

Fundi Ngamiani
Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili) haipokei faili moja la GB 4 na zaidi, hata nafasi iwe tele. Ifomati upya kwa exFAT, mfumo mpya zaidi, ila hakikisha kwanza runinga yako inaisoma. Sauti ipo, picha hakuna? Mara nyingi video imebanwa kwa njia mpya ya H.265 na runinga ni ya zamani. Igeuze iwe H.264, njia ya zamani zaidi.

Mtu wa Raskazone
Sehemu ya Mwezi kaihakikishe ufukweni. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, Jua na Mwezi huvuta kwenye mstari mmoja, tunapata bamvua, maji kujaa na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, yanajaa na kupwa kidogo. Lakini bamvua kubwa huja siku moja au mbili baadaye. Ukienda siku yenyewe utasema filamu imekudanganya. Tena kila siku maji huchelewa kujaa kwa kama dakika 50, kwa hiyo usiende saa ya jana.

Hilali nayo: kwenye filamu za Ulaya imesimama, yetu imelala kama dau. Tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta.

Chumbageni
Utamu wenyewe ni Mshtarii. Ile miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610 inaonekana kwa darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele mm 50). Kinachowashinda wengi ni mikono: ikitetemeka, vidoti vinageuka michirizi. Halafu huku kwetu sayari hupanda karibu na utosini, shingo inakufa ganzi. Tandika mkeka, lala chali, viwiko vibane mbavuni, pumua taratibu. Chora vidoti kwenye daftari, kesho saa ileile chora tena. Io, mmoja wa miezi hiyo, huzunguka kwa saa 42 hivi, kwa hiyo baada ya siku moja imeshahamia upande wa pili. Kalisto, mwingine wa hiyo minne, ni mzito wa mwendo, karibu siku 17.

Pete za Zohali usizitafute kwa hiyo. Zinataka kukuza mara 25 hivi kwenda juu. Na kioo kikiingia ukungu wa bahari usikimbilie kukifuta kwa kanga. Puliza mchanga kwanza, la sivyo unakikwaruza.

Mgeni wa jukwaa
Ile mingurumo ya vyombo angani ni ya kweli?

Mleta uzi
Ya studio hiyo mkuu, kule hakuna hewa ya kubeba sauti. Ila upepo wa Mirihi uliorekodiwa na Perseverance, gari la NASA lililoko huko, mwaka 2021 ni wenyewe. Na ule ukanda wa asteroidi wanaouonyesha umebanana kama daladala ya jioni, chumvi hiyo: chombo cha Pioneer 10 kilitokea upande wa pili mwaka 1973, kizima.