Nyie mnaofundisha rand() bila srand(), mmenigombanisha na kina mama wa Makorora

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Nilijipa wiki mbili hasira ziishe ndipo niandike. Hazikuisha, kwa hiyo naandika nazo hivyo hivyo.

Mama yangu ni kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu. Wako kina mama kumi na wawili, yeye akiwemo. Kila Ijumaa jioni kila mmoja anatoa elfu ishirini, na mwenye zamu anaondoka na laki mbili na arobaini. Asiyejua michezo hii ataona ni hela ndogo. Muulize anayeuza mihogo ya kukaanga. Anayepokea wiki ya kwanza amekopeshwa bila riba, na wa mwisho amekaa miezi mitatu akiwawekea wenzake. Ndiyo maana foleni hupangwa kwa kura, vikaratasi kwenye bakuli, na kila mara lazima atokee mmoja wa kusema kikaratasi fulani kilikunjwa kwa alama.

Mimi nikajitia msomi. Nilikuwa nimetoka kumaliza kozi ya miezi mitatu ya C, lugha ya kuandikia programu, hapa mjini, ada nimelipa yote na cheti chenye muhuri ninacho. Nikawaambia kina mama, kompyuta haina shoga wala mkwe, niachieni mimi. Nikaandika majina kumi na mawili kwenye safu, nikaweka rand() % 12, yaani rand() itoe namba ya kubahatisha, igawanywe kwa 12, na kinachobaki ndicho kichague jina; jina lililokwisha kutoka linarukwa. Hivyo hivyo tulivyofundishwa darasani, sikuongeza wala kupunguza.

Mchezo wa kwanza alianza kutoka wa sita kwenye orodha, akafuata wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa tano. Wa sita ni mama yangu mdogo, tumbo moja na mama. Watu wakacheka, bahati yake, mchezo ukaendelea mpaka ukaisha.

Wiki kumi na mbili zikapita. Mchezo wa pili tukakaa barazani, laptopu juu ya stuli, kina mama wameinamia kioo. Nikabonyeza. Sita. Kumi na mbili. Kumi na moja. Tano.

Nilihisi shati linanigandia mgongoni. Mama aliye namba kumi, ambaye mchezo uliopita alikuwa wa mwisho kabisa, akajifunga kanga upya taratibu, akasema, "Endelea mwanangu, tuone wa mwisho nani." Nikaendelea. Wa mwisho akawa yeye tena. Akamgeukia mama yangu: "Shoga, kumbe mwanao kakusomea kweli."

Mama hakujibu. Kuanzia siku ile wanne hawapiti tena kwetu, na mmoja wao ndiye aliyenikanda nilipokuwa mtoto mchanga.

Usiku ule nikampigia mwalimu wangu wa kozi. Jibu lake, nawaapia: "Aah, hiyo umesahau srand. Ile ni ya juu kidogo, mngekutana nayo mbele." Mbele wapi, mzee? Sikusahau kitu ambacho hujawahi kukitamka! Rand umenifundisha wiki ya pili, mchezo wa kubahatisha namba tumeuandika darasani watu ishirini, na hakuna aliyeambiwa kwamba ukiufunga na kuufungua tena namba ya siri ni ileile.

Sasa kwa wanafunzi wenzangu, maana walimu nimeshakata tamaa nao. Ndani ya rand() hakuna dadu. Kuna hesabu ya kuzidisha na kujumlisha. Inaanza na namba moja inayoitwa mbegu, inaipiga hesabu, inakutolea kipande cha jibu, na jibu zima inalitunza liwe mwanzo wa hesabu ijayo. Mbegu ikiwa ileile, msururu wote ni uleule, leo, kesho na mwakani. Na kanuni za lugha ya C zimeandika wazi kwamba usipoita srand, amri ya kuipa rand mbegu, rand inafanya kazi kama vile umeita srand(1). Kwa hiyo sisi sote tulioachwa gizani tunapanda mbegu namba 1, Tanga nzima, dunia nzima.

Mnaotumia Windows, chukueni kikokotoo cha simu sasa hivi. Mbegu 1, zidisha kwa 214013, jumlisha 2531011. Unapata 2745024. Gawanya kwa 65536, tupa desimali. Umepata 41? Hiyo ndiyo namba "ya bahati" ya kwanza. 41 ukiigawa kwa 12 inabaki 5, na kwa kuwa safu inaanza kuhesabiwa sifuri, 5 ni mtu wa sita. Mama mdogo alishinda kabla sijazaliwa.

Hasira ya pili ni ya watu wa video na wa majukwaani. Nikauliza, nikajibiwa kwa mstari mmoja: "weka srand(time(NULL))". Niweke wapi? Kimya. Nikaiweka ndani ya for, ule mzunguko wa kurudia kazi, juu ya rand, kwa akili kwamba kila jina lipate mbegu mpya. Kioo kikajaa namba ileile, maelfu ya mara, kisha ikapanda kwa tatu, ikajaa tena, ikapanda tatu nyingine, mara mojamoja nne. Nikadhani kompyuta imeingiwa na shetani. Kumbe time inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na ndani ya sekunde moja mzunguko unapita maelfu ya mara, kila mara unarudisha mbegu ileile mwanzoni. Sekunde ikigeuka, mbegu inaongezeka moja tu, na 214013 gawanya kwa 65536 ni tatu na kitu. Ndiyo hizo tatu tatu.

Srand inaitwa MARA MOJA, mwanzoni mwa main, pale programu inapoanzia, basi. Sentensi moja. Mngekufa mkiisema?

Na hata hapo kwenye hela msijidanganye. Mbegu ikiwa saa, mwenye programu akijua hesabu hiyo anaweza kukaa anatazama saa mpaka sekunde ya dada yake ifike, ndipo abonyeze. Mwaka 1999 kuna wachunguzi Marekani waliufungua mchezo wa karata wa mtandaoni kwa njia ya aina hiyo. Mbegu yake ilikuwa milisekunde tangu saa sita usiku, yaani haiwezi kuzidi milioni 86.4 kwa siku, wakati karata 52 zina mipangilio ambayo idadi yake ni namba yenye tarakimu 68. Wakalinganisha saa yao na ya seva, wakaona karata chache za mwanzo, wakajua za kila mtu mezani.

Wa Python, ile lugha nyingine ya programu, najua mtakuja hapa kutucheka. Kweli, random ya Python inajitafutia mbegu yenyewe kutoka kwenye mfumo wa kompyuta. Lakini nimeona kazi zenu. Nusu yenu mna random.seed(42), yaani mbegu ya kudumu namba 42, juu kabisa, mmeinakili mahali na hamjui inafanya nini, halafu mnashangaa "zangu" na "zako" zinafanana. Kama ni kura ya watu tumieni secrets, imo ndani ya Python tangu toleo la 3.6, haitaki mbegu yako.

Sisemi mbegu ya kudumu ni mbaya. Ukitafuta kosa kwenye programu unataka kosa lijirudie vilevile, na hapo srand(1) ni rafiki. Hata hilo mwalimu angelisema tungemwelewa. Hapa Tanga kuna mtu asiyejua kwamba mbegu ileile haizai kitu kingine? Tumezungukwa na mkonge.

Wa "soma maelezo ya lugha mwenyewe" nimewaona mnakuja. Nililipa ada ili nisomeshwe. Siku nikijisomea mwenyewe mnirudishie.

Kina mama wamerudi kwenye bakuli. Mama mdogo ameomba mwenyewe awe wa mwisho mchezo huu ili maneno yaishe, na hayajaisha.

Walimu mliomo humu, wekeni hapa somo lenu la rand kama lilivyo, tuone srand iko ukurasa wa ngapi. Na kila mwenye programu ya kura mtaani kwake aifungue mara mbili bila kubadili kitu, aandike namba tano za mwanzo. Zangu kabla sijarekebisha: 41, 18467, 6334, 26500, 19169. Mwenye Linux akiona 1804289383 ajue naye yumo.