UZI: Yule wa kinanda amechomoa waya wa udi katikati ya taksimu na watu wakampigia makofi!!!

Mwana Dumbaki (mwanzisha uzi)
Wallahi ndiyo narudi saa hizi, hata kanzu sijavua, na nisiposema nitapasuka. Jina simtaji. Nyote mwamjua. Kama umewahi kukanyaga harusi yoyote kuanzia Kibokoni hadi Kisauni basi ushamuona, yule mwenye kinanda cha mataa mekundu na miwani ya jua saa nne usiku.

AMECHOMOA WAYA WA UDI.

Mzee wetu wa udi yuwapiga taksimu, ule upigaji wa peke yake wa kubuni papo hapo, yuko kwenye bayati, moja ya makamu (ngazi za sauti) za Kiarabu, yuwapanda pole pole, wazee wa safu ya mbele washaanza kutikisa vichwa na "Allah, Allah". Huyu bwana akainama, akachomoa waya kwenye mikisa, kile chombo cha kuchanganyia sauti, akachomeka simu yake. SIMU! Kisha akashika maikrofoni: "Mzee tushakusikia, sasa wacha watu wachangamke." Ukumbi mzima kicheko.

Na pale kabla simu haijaanza kulia, mzee hakujua. Hapo ndipo paliponiua. Kafumba macho, risha yake ile aliyoichonga mwenyewe kwa kipande cha plastiki yaenda juu yaenda chini, nyuzi zote zalia, na asikiaye ni mimi tu niliyekaa ubavuni mwake na ngoma yangu ya dumbaki. Ghafla spika zikalipuka. Vikombe vya kahawa vilitembea mezani vyenyewe, nadhani vingine vishavuka Likoni bila feri. Mzee akafumbua macho akanitazama mimi. Nilimwambia nini? Ningemwambia nini?

Waya! Mtu ana kinanda kizima mbele yake, ana matundu tele kwenye mikisa, akaona tundu la udi tu!

Na msiniambie namuonea wivu. Kipaji anacho, sijapata kukaa jukwaani na mtu mwenye vidole vyepesi vile. Wimbo akiusikia mara moja ashaushika. Lakini noti ya pili ya bayati hukaa katikati ya funguo mbili za kinanda, huipati hata ubonyeze mpaka kucha zing'oke, lazima kinanda kishushwe ile robo sauti kwanza. Nani alimkalisha chini akamfundisha kuisikia? Mzee huyo huyo! Udi hauna vipingo shingoni, kila noti mzee aitafuta kwa kidole na kuiweka pale pale inapotakiwa. Yule alikuwa akija kwake kila baada ya alasiri, anywa kahawa ya watu, ala haluwa ya watu, leo amchomolea waya.

Ladha za watu zimebadilika, sawa, zibadilike. Mimi mwenyewe nasikiliza singeli. Ngoja taksimu iishe basi! Ni dakika nne!

Pweza wa Nyali
Dakika nne za nani? Taksimu ya mzee huyo yaanza bibi harusi yuwavishwa, yaisha ana wajukuu watatu 😂

Bi Mkubwa wa Makadara
Wewe Pweza huna adabu. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, tulisikia udi umekatika tukajua umeme umekwenda, watu wakaanza kutafuta mishumaa. Kumbe ni mtoto wa watu na simu yake. Enzi za marehemu Zein l'Abdin, bingwa wa udi, nani angethubutu kusogeza mkono karibu na waya wake? Mwanangu pole sana, na umfikishie mzee salamu zangu.

Msema Kweli Majengo
Adabu hana, hilo nakubali. Lakini nyinyi wa "asili asili" mwachosha. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, alikuwa akitia mashairi ya Kiswahili kwenye mahadhi ya filamu za Kihindi, leo mwamwita wa asili. Tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vitufe, imetoka Japani, leo mwalia ati imepotea. Subirini, wajukuu wenu watakuja hapa kufungua uzi kukililia kinanda.

Mwana Dumbaki
Bhalo alimchomolea nani waya? Nitajie mtu mmoja. MMOJA.

Msema Kweli Majengo
Sijasema alichomoa waya. Nasema muziki hubadilika.

Mwana Dumbaki
Nami nasema WAYA.

Pweza wa Nyali
Huyu kesho ataamka aupeleke waya kwa kadhi 😂😂

Fundi Spika
Hebu tuulizane, huo waya mweusi wenye mkanda wa njano ulioupotezea machozi ni wangu. Uko wapi? Vyombo vilikodishwa kwangu, vimerudi pungufu. Kila harusi hivi hivi. Juzi mikisa imerudi na achari ya embe ndani ya vitufe. Mwezi wa pili sasa nadai pesa za harusi ya watu wenye magari matatu. Nyinyi mwalilia udi, mimi nani anililie?

Mwana Dumbaki
Fundi, muulize yeye, ndiye aliyeuchomoa.

Usiku Hotelini
Afadhali nyinyi hata mna pa kupiga taksimu. Mimi napiga ngoma hoteli moja huku pwani ya kaskazini. Mpiga gitaa wetu rumba anayo, benga anayo, jazi anayo, chakacha akiigusa wahudumu waacha trei. Kila usiku tunaambiwa tupige ule wimbo wa kukaribisha watalii, tena na tena, na tuvae yale mashati. Jana kajaribu kuchomekea kitu chake dakika moja tu, meneja kaja kusimama mbele yake akimuonyesha saa. Mtu kama yule, kipaji chote kile, chaozea kando ya bwawa la kuogelea.

Likoni Damu
Meneja? Nyinyi pandeni matatu ya Bamburi saa kumi na mbili jioni. Konda adai nauli kwa ishara, wamjibu kwa ishara, ukishuka wakuta masikio yamebaki ndani ya gari. Nilimwambia dereva apunguze, akaongeza.

Bi Mkubwa wa Makadara
Tukiacha hayo, harusi yenyewe ile, kuna aliyepata nyama kwenye biriani? Sinia letu tulikuwa wanne, kipande kimoja, nacho mfupa.

Pweza wa Nyali
Nyama yote ilikwenda kwa wapigaji.

Mwana Dumbaki
Wapigaji gani? Hatukuonja hata punje! Mzee alifunga udi wake akaondoka na njaa, mimi nikamsindikiza mpaka mlangoni kwake, hakutamka neno njia nzima. Na waya

Usiku Hotelini
Aliyepika si yule aliyepika ile ya Kuze? Mchele wake hauivi hata siku moja.

Fundi Spika
Wa Kuze uliiva vizuri, usimzulie mtu. Achari ndiyo iliyokuwa mbaya, na naijua vizuri, niliikwangua kwenye mikisa.

Likoni Damu
Mimi nilikula ya Kuze, tumbo liliniendesha siku mbili.