Kuacha fasheni ya haraka: mtumba wa kuchagua kwa mkono, wa mtandaoni, wa kubadilishana, au robota zima?

Kabati_Jipya:
Habari zenu wakuu. Nataka kuachana kabisa na nguo mpya za bei chee zinazopinda mishono baada ya kufuliwa mara mbili tatu, kabati lote liwe la mitumba. Naona njia nne: kuchagua kwa mkono, kuagiza mtandaoni, kubadilishana na ndugu na marafiki, au kununua robota na kugawana. Nahitaji mashati ya kazini, jinzi, sweta, koti la suti na viatu. Nianze na ipi?

Fundi_Pindo:
Mkuu, usifunge ndoa na njia moja. Kila aina ya nguo ina njia yake. Jiulize: kasoro kubwa ya nguo hii inajulikana vipi? Ikiwa ni kwa kushika, kunusa au kuvuta, nunua kwa mkono. Ikiwa futi kamba inatosha, agiza hata mtandaoni.

Jinzi ni ya mkono. Igeuze ndani nje, inua kwenye mwanga, tazama pale miguu inapokutana na upande wa ndani wa mapaja. Nyuzi za buluu zinazoshuka wima ndizo zinazosagika kwanza. Ukikuta zimebaki nyeupe za mlalo peke yake, iache. Kiraka hakitadumu, maana kitambaa kinachokizunguka nacho kimechoka, na tundu jipya litafunguka pembeni ya mshono wa kiraka. Halafu vuta kiuno kwa mikono miwili, uachie. Jinzi ya kuvutika ikibaki na mawimbi, nyuzi zake za mpira zimekufa kwa joto la mashine ya kukaushia au pasi, na hakuna fundi wa kuzifufua.

Sweta nalo ni la mkono: viwiko, kwapa, na vitundu vidogo vya nondo ambavyo picha haivionyeshi. Tundu moja linazibika. Yakiwa matano yaliyotawanyika, rudisha.

Shati na koti la suti, mtandaoni panafaa, ila bega lazima likukae. Kupunguza kiuno au kupandisha pindo ni kazi ndogo. Kurekebisha bega ni kung'oa mkono mzima, kukata upya na kuurudisha, na kwenye koti kuna bitana na pedi za bega pia. Gharama yake hukaribia kushona upya.

Pamba_Tupu:
Naunga mkono. Kwa mtandaoni, saizi ya lebo isikutawale, kila kiwanda kina yake, na nguo ya pamba huenda imesharudi kwa kufuliwa. Chukua shati lako linalokukaa vizuri, lilaze mezani bila kulivuta, upime kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, urefu wa mgongo kuanzia chini ya kola, na mkono. Kwa suruali pima kiuno, upana wa paja, mguu kwa ndani, na kutoka pale miguu inapokutana hadi juu ya kiuno. Hiki cha mwisho watu hukisahau, na ndicho kinachofanya suruali ibane ukikaa hata kama kiuno ni sawa.

Mwombe muuzaji vipimo hivyohivyo vya nguo iliyolazwa. Tofauti ya sm 2 kwapa hadi kwapa ni sm 4 mwilini, kwa hiyo usiidharau. Bega lisipishane zaidi ya sm 1.

Picha: kwapa, ndani ya kola, pindo na lebo ya kitambaa, zipigwe karibu na dirisha bila taa ya kamera, kwani taa hiyo huficha weupe uliogeuka njano. Na usiulize "ina kasoro?" Utajibiwa haina. Uliza "zipu inapanda hadi mwisho?", "vifungo vyote vipo?"

Kabati_Jipya:
Asanteni sana. Na kama lebo imekatwa, nitajuaje kama ni pamba au poliesta?

Fundi_Pindo:
Chomoa uzi kutoka kwenye ukingo wa kitambaa ndani ya mshono, kwa nguo uliyokwisha kuinunua. Usichukue uzi ulioshonea, maana nguo nyingi za pamba hushonwa kwa uzi wa poliesta na utadanganyika. Ushike kwa kibano juu ya sahani, mbali na nguo yenyewe, uwashe. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua na hujizima. Poliesta huyeyuka, ikipoa ni kidonge kigumu. Ukipata jivu lenye chembe ngumu, ni mchanganyiko.

Mgawa_Robota:
Robota mmelipita bila kulitazama. Mkiwa watano, kila nguo inatoka nafuu kuliko njia zote hizo.

Pamba_Tupu:
Ndugu yangu, kwa mfanyabiashara ni sawa, kwa kabati la mtu hapana. Robota hufungwa kwa aina, si kwa saizi zenu. Robota la kilo 45 la fulana za gramu 200 ni fulana kama 225. Mkiwa watano, ni 45 kwa kila mmoja, nyingi hazimtoshi, na hakuna aliyehitaji 45. Hapo tumerudi kwenye ununuzi uleule tunaoukimbia. Kubadilishana ndiko bora kwa nguo zisizovaliwa mara nyingi na za watoto: unaijua historia ya nguo, na unaijaribu kabla ya kuichukua.

Soli_Imara:
Kwenye viatu tahadhari moja kubwa. Soli nyepesi za poliurethani huharibika kwa unyevunyevu wa hewa hata kiatu kisipovaliwa. Kinaweza kuonekana kipya kabisa, ukatembea siku moja soli ikamomonyoka. Bonyeza kwa kidole gumba na ukunje kiatu mbele: ukiona nyufa, ulaini wa kunatanata au unga, usikiguse tena. Gundi haisaidii, kilichokufa ni soli yenyewe. Mikoba na makoti ya ngozi bandia yenye tabaka la poliurethani hiyohiyo nayo hubanduka maganda. Kiatu cha ngozi halisi kilichoshonewa soli ndicho cha kutafuta, soli inabadilishwa. Lakini angalia unyayo wa ndani: ukiwa umebonyea sana kwa mguu wa mwenzako, utakuumiza.

Sabuni_na_Maji:
Hamjagusa ufuaji, na hapo ndipo nguo nzuri huharibiwa. Unjano wa kwapa hutokana na jasho kukutana na aluminiamu ya dawa za kuzuia jasho. Msitie dawa ya klorini, huuzidisha. Kwa pamba nyeupe, changanya haidrojeni peroksaidi ya 3% na bikaboneti ya soda iwe uji mzito, paka, subiri dakika 30, sugua kwa mswaki laini, fua.

Harufu ya ghala: siki nyeupe kikombe kimoja kwa vinne vya maji baridi, loweka saa moja, fua, anika penye upepo. Siki na klorini visikutane kamwe kwenye beseni moja, hutoa gesi ya sumu. Poliesta hung'ang'ania harufu ya jasho kuliko pamba, hivyo shati la poliesta linalonuka kwapani hata baada ya kuloweka, usitegemee litapona.

Kabati_Jipya:
Na sweta la sufu, kama nina wasiwasi wa nondo?

Sabuni_na_Maji:
Lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa, acha mfuko ufungwe hadi sweta lipate joto la chumba, ili unyevu wa hewa utue nje ya mfuko badala ya kwenye sufu. Kisha fua kwa maji baridi na sabuni ya sufu, usikamue kwa kusokota, lizungushe kwenye taulo ukandamize, ulilaze likauke. Ukilitundika likiwa bichi, uzito wa maji utaliburuta na mabega yatapoteza umbo. Hadi lipite friza, lisiingie kabatini na nguo nyingine.